Nguo ya Kuficha Tumbo

Riyadh, Jumanne, 10 Juni 2014

Leo kifungo cha yunifomu kimenikatikia mbele ya wageni. Nilikuwa nimeinama kummiminia kahawa dada yake madam. Nikasikia tu "pwa!", kifungo kikaruka kikatua kwenye sahani ya tende. Pale tumboni pakaachama, shimizi ikaonekana. Wanawake wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na labda ndiyo maana kicheko chao kiliniuma zaidi. Mmoja akasema neno ninalolijua, kirsh, ambalo watoto humtania nalo baba yao akishashiba. Kitambi. Niliendelea kumimina, mkono mmoja kwenye birika, mwingine nimeziba tumbo kama mtu aliyeshikwa na msokoto.

Nilipokuja nchi hii, yunifomu hii ilikuwa ikinipwaya, naibana kwa pini. Miguu bado ni ile ile, mikono ile ile, uso hata umekonda. Kila ninachokula kinaenda kukaa mahali pamoja.

Alhamisi, 12 Juni

Madam Hanan amesema hakuna saizi kubwa zaidi ya rangi hii. "Fridah, punguza wali," akaniambia, akitabasamu. Nimeshona kifungo kwa uzi wa mara mbili.

Jumapili, 15 Juni

Laban amepiga simu kutoka Maua. Mkataba wangu unaisha Agosti, na mume wangu anahesabu siku kuliko mimi. Anataka picha ya mwili mzima. "Kila siku unanitumia kichwa tu kama ya kitambulisho," akasema. Nikamwambia chumba changu hakina nafasi ya kurudi nyuma na simu. Najua anachofikiria, kwa sababu kila mtu kule nyumbani hukifikiria mwanamke akirudi kutoka Saudia na tumbo. Mwaka jana, jirani yetu mmoja alirudi amevaa sweta kubwa wakati wa jua kali, na kabla hajafungua mzigo soko zima lilikuwa limeshamaliza hesabu.

Mimi najua tumbo hili limetoka wapi. Limetoka kwenye sinia. Wakishamaliza kula, sinia linarudi jikoni limebaki wali, nyama, na vile vitamu vyao vya shira. Ninakula nimesimama kando ya sinki. Ndiyo saa pekee ambayo hakuna anayeita jina langu. Hata nikishashiba naendelea, ili saa hiyo isiishe.

Jumatano, 18 Juni

Joto. Nimevaa abaya jikoni siku nzima. Madam akauliza kama ninaumwa.

Jumanne, 24 Juni. Njiani kwenda Jeddah

Familia inakwenda kufunga Ramadhani kwa mama yake bosi, mtaa wa Al-Safa. Wao wametangulia na gari dogo. Mimi nimepanda gari la mizigo na Lamis, binti yao wa kati, mwenye miaka kumi na mbili. Onesmus ndiye dereva wetu.

Onesmus ni wa Machakos. Tumekaa naye boma moja mwaka mzima na sidhani tumezungumza maneno ya kujaza kikombe. Yeye yuko chumba chake cha getini na mahubiri yake ya redio, mimi niko jikoni. Nimekuwa nikimwona mtu wa kujisikia.

Tulipotoka kituo cha mafuta, akageuka akaniangalia nilivyojifunga mkanda wa gari.

"Dada Fridah, huo mkanda ushushe. Upite chini ya tumbo, usipite katikati. Breki ikishikwa ghafla utakuumiza."

Niliwaka uso mzima. Lamis alikuwa ametoa macho, akimwangalia Onesmus, akiangalia tumbo langu. Anaelewa Kiswahili kuliko wanavyodhani, kwa kulelewa na sisi. Nikamjibu Onesmus, "Angalia barabara." Nilishinda njia yote nimejifunika mkoba mapajani, nikimchukia.

Jeddah, Ijumaa, 27 Juni

Hapa joto lina maji ndani yake. Nguo inakunata kabla hujafanya lolote. Nyumba ya Mama Mkubwa, ndivyo tunavyomwita mama yake bosi, ina ghorofa tatu na majiko mawili. Yeye mwenyewe ni mwanamke mkubwa, mzito, anayetembea taratibu akitaja jina la Mungu kila ngazi. Mfanyakazi wake anaitwa Maryann, msichana wa Nakuru, kiuno kama cha nyigu. Kabla ya kuja huku alikuwa akiuza mitumba. Amenipokea vizuri sana, hata akaniachia upande wa feni.

Jumapili, 29 Juni

Ramadhani imeanza leo. Mimi ni Mmethodisti lakini nimeamua kufunga pamoja nao. Nimemwambia Maryann ni heshima. Ni tumbo.

Jumanne, 1 Julai

Leo, watu wakiwa wamelala mchana, Maryann amenifungia mlango chumbani kwetu akanivisha kila nguo tuliyo nayo sisi wawili.

"Wewe shida yako unavaa mahema," akasema. "Unafikiri nguo kubwa inaficha. Inaongeza! Mtu akiona hema anauliza nani amelala ndani."

Nikacheka, mara ya kwanza tangu tufike.

Akanifundisha kama mwalimu. Rangi moja juu mpaka chini, isiyong'aa. Mkanda kiunoni usiguse kabisa. Blauzi yenye marinda tumboni, tupa. Shingo iwe wazi kidogo ili jicho la mtu lipande juu. Shali ndefu, iachwe ining'inie mbele pande mbili, ikate tumbo vipande vitatu. Sketi ya kitambaa kizito, si hii ya kunata. Nilikuwa nikijitazama kwenye kioo cha mlango wa kabati, na kwa kila nguo nilimwona mwanamke yule yule akijaribu kupita bila kuonekana. Ile nyeusi ya Maryann ilikataa kupita kifuani. Yangu ya kijani, niliyoipenda sana, ilipanda tumboni ikakaa kama kitambaa juu ya kikapu.

"Usijali," Maryann akasema. "Nikienda soko la Balad na Mama Mkubwa nitakuletea kitu."

Ijumaa, 4 Julai

Ameleta. Ni mkanda wa kubana tumbo, mpana, wa raba na kitambaa, na kulabu safu mbili. Ilibidi tushirikiane kuufunga, yeye amenikandamiza mgongoni kwa goti kama anafunga gunia la viazi. Lakini yunifomu imefungika. Kifungo kimelala bila kulalamika. Nimepita mbele ya madam mara mbili bila sababu.

Jumatatu, 7 Julai

Siwezi kuinama. Vyombo vya chini anachukua Maryann.

Jumatano, 9 Julai

Mkanda umechora mistari myekundu mbavuni. Nimepiga picha ya mwili mzima mbele ya kile kioo, nimebanwa kweli kweli. Nikaiangalia. Mwanamke wa kwenye picha amekakamaa kama anayezuia chafya. Sikuituma.

Jumapili, 13 Julai

Sijui nianzie wapi.

Jana kulikuwa na wageni wengi wa futari. Tangu asubuhi tulikuwa tunakaanga sambusa, feni ya jikoni imekufa. Sikuwa nimekunywa hata tone. Muda wa adhana ulipokaribia nikabeba bakuli kubwa la supu. Nilifika mlangoni. Nakumbuka mbavu zikikataa kupanuka, navuta pumzi haifiki mahali. Halafu nakumbuka vigae, baridi shavuni, na supu ikinitiririkia mkononi.

Nilipofumbua macho Mama Mkubwa alikuwa amepiga magoti kando yangu, mwanamke yule mzito, ananifungua vifungo anipe hewa. Mkono wake ukakutana na mkanda. Akaupapasa. Akafungua kulabu moja, mbili, tumbo likatoka kama unga uliochacha. Wanawake wote walikuwa mlangoni. Akamtazama madam akasema neno moja: "Hamil."

Mjamzito. Na amejifunga ili kuficha.

Walinipeleka chumba cha kufulia, madam akafunga mlango. Alikuwa mweupe usoni, sauti yake ndogo.

"Fridah. Nani?"

Nikatikisa kichwa.

"Lamis ameniambia. Njiani, dereva alikuwa anakuangalia tumbo. Akakwambia ujifunge kwa uangalifu. Kwa nini dereva ajali tumbo lako? Ni Onesmus?"

Hapa ndipo ninapotaka kuandika ukweli. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lilikuwa jepesi: Madam, nimenenepa, ninakula mabaki yenu nikiwa nimesimama, na ninaona aibu. Hayo tu. Lakini mlango ulikuwa na mwanya na niliwasikia wageni nje, wanawake kama wale waliocheka Riyadh, nikaona nitakavyosema na watakavyocheka. Nikainamisha kichwa. Madam akauliza tena, "Ni Onesmus?" Nikaanza kulia, nikajifunika uso.

Akachukua kilio kuwa jibu. Nami nikamwona akikichukua. Nikamwacha akaondoka nacho.

Jumapili hiyo hiyo, mchana

Maryann amerudi kutoka kupeleka maji getini. Wamemnyang'anya Onesmus funguo na simu, wamemfungia chumbani. Bosi amesema baada ya Alasiri atampeleka polisi.

"Wewe umemwambia nini madam?" nikamuuliza Maryann. "Umemwambia mkanda ni wa nini?"

Alikuwa anapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Aliniuliza kama naujua. Nikasema siujui."

"Maryann! Si wewe uliununua?"

"Fridah, ningesema ni mimi wangesema nimekusaidia kuficha mimba. Wangenirudisha. Mama yangu anategemea nani?"

Nilitaka kumpiga. Halafu nikamwona anavyovipanga upya vikombe vile vile, nikakaa chini juu ya ndoo. Nikajiuliza mimi ninangoja nini. Wananipeleka hospitali kesho kutwa. Nilikuwa nimejiambia daktari atasema kwa niaba yangu. Lakini Alasiri haingoji kesho kutwa, na mtu akishafika polisi kwa jambo kama hilo katika nchi hii, nani ataenda kumtoa? Mimi?

Adhana ya Alasiri ilikuwa bado. Nikavua mkanda kabisa. Nikavaa yunifomu juu ya tumbo lilivyo, kifungo hakikufika, nikakiacha. Nikapanda ngazi.

Mama Mkubwa na madam walikuwa kwenye sebule ya wanawake. Bosi alikuwa upande wa pili wa mlango, anaongea na simu, sauti yake inasikika.

"Madam," nikasema. "Onesmus hajanigusa. Hakuna mtu amenigusa."

"Jana ulilia."

"Nililia kwa aibu."

"Ndiyo. Aibu ya nini?"

Kiarabu changu ni cha jikoni. Nilichokuwa nacho nikakitoa chote, kwa sauti ya kumfikia bosi nyuma ya mlango. "Mafi hamil, hakuna mimba. Hii ni kirsh. Mimi nina kirsh! Ninakula wali wenu, ninakula kila siku, ninakula mpaka naumwa. Nilifunga mkanda nionekane mwembamba. Basi. Halas."

Bosi akakata simu.

Madam akanitazama kama ninayemdanganya mchana kweupe. Ndipo nikashika yunifomu kwa mikono miwili nikaipandisha mpaka kifuani. Nimesimama pale mbele yao, tumbo nje, mistari ya mkanda imewiva mbavuni kama nimechapwa. Hakuna kitu nilichowahi kukificha zaidi ya hicho.

Mama Mkubwa akajiinua kwenye kiti, akaja polepole. Huyu mwanamke amezaa tisa. Akaweka kiganja, akaminya chini ya kitovu, akaminya pembeni, akashika nyama akaiacha. Akanisimamisha kiupande. Mimi nikitazama dari. Kisha akashusha yunifomu mwenyewe, akainyoosha.

"Shahm," akamwambia mkwewe. Mafuta.

Hakuna aliyecheka. Ningependa mtu acheke. Madam alikaa, akaweka mkono mdomoni, na kutoka ule upande mwingine nikasikia hatua za bosi zikienda kwenye ngazi za getini.

Jumanne, 15 Julai

Hospitali. Kipimo kimeonyesha hakuna mimba. Daktari, mwanamke wa Misri, amesema presha iko juu, nipunguze chumvi na vitamu, na nisijibane tena. Madam alikuwa amekaa pembeni, ameshika mkoba wake. Tukirudi akasema, "Ulipaswa kuniambia mapema." Kisha, karibu na nyumbani, kwa sauti ya chini zaidi: "Na mimi nilipaswa kuuliza vizuri." Akafungua dirisha, akalifunga.

Jumatano, 16 Julai

Nimemtumia Laban picha. Mwili mzima, bila mkanda, mchana. Nikaandika chini yake yote yaliyotokea. Amechukua muda. Halafu akajibu: "Umekuwa kama shangazi yako wa Nkubu. Njoo nyumbani." Sijui kama ni utani. Nimeisoma mara nyingi.

Jumamosi, 19 Julai

Onesmus ameachiliwa tangu Jumapili ile, lakini hajarudishiwa funguo za gari. Anafagia ua. Bosi anaendesha mwenyewe. Nikimpelekea chakula Onesmus anasema "asante" akiangalia sinia.

Jumanne, 22 Julai

Nimesikia kwa Maryann. Bosi amesema haamini lolote baya, lakini dereva aliyeshasemwa hawezi kuendesha mabinti zake. Atampeleka kwa kaka yake Riyadh, kwenye ghala, kubeba mizigo. Kafili, mdhamini wake wa kibali, ni yule yule, kazi nyingine. Nilimwomba madam aongee naye. Akasema, "Nimeongea." Nikamwomba tena. Akasema, "Fridah, halas."

Ijumaa, 25 Julai

Maryann ameomba msamaha. Nikamwambia yameisha. Hayajaisha, lakini sina mahali pa kusimama nikamhukumu.

Jumatatu, 28 Julai. Idi

Mama Mkubwa ameniita chumbani kwake asubuhi, akanipa mfuko. Ndani mna jalabia ya rangi ya zambarau iliyoiva, imetariziwa kwa uzi wa fedha shingoni. Akaniashiria nivae pale pale.

Imebanwa kidogo chini ya matiti, halafu imeachiwa ishuke yenyewe, kitambaa kizito kinachojua njia. Haigusi tumbo wala haijifanyi halipo. Akanisukuma mbele ya kioo. Akajipiga tumbo lake, akanipiga langu, akasema maneno mengi ya Kiarabu ambayo nilielewa kiini chake: hivi ndivyo sisi tunavyokatiwa nguo.

Nilipendeza. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Sijawahi kupendeza hivyo tangu siku ya harusi yangu. Madam aliponiona akasema, "Mashallah, Fridah," na wale wageni wa futari wakanibusu mashavuni kama hakuna kilichotokea. Nikafurahi. Nilizunguka na birika la kahawa nikiwa nimenyoosha mgongo, na kwa muda sikumkumbuka mtu mwingine yeyote.

Saa nane mchana nikapeleka takataka nje. Onesmus alikuwa getini na begi moja. Gari la ghala lilikuwa limekuja kumchukua, siku ya sikukuu, dereva wake bado anakunywa maji kwa mlinzi wa jirani. Hatukuwa na muda.

"Kaka Onesmus," nikasema. "Ni mimi niliyekufanyia hivi."

Akaweka begi chini.

"Waliniambia ulilia. Nikasema basi, labda kuna mtu kweli amemuumiza huyu mama, anaogopa kumtaja. Nilikuombea hapo ndani, unajua? Siku ile wamenifungia. Nilikuombea wewe."

Nilishindwa kumtazama. "Hakukuwa na mtu. Niliona aibu kusema nimenenepa."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Nilitaka akasirike.

"Mke wangu," akasema, "alikuwa na mimba mwaka tuliopata ajali ya gari kule Athi River. Mkanda ulikuwa umempita hapa katikati." Akajionyesha tumboni, haraka, akashusha mkono. "Kwa hiyo nikiona mtu yeyote amefunga vile, mnene au mwembamba, siwezi kunyamaza. Ndiyo maana nilikwambia."

Sikujua. Mwaka mzima boma moja, sikujua hata kama ana mke.

"Mtoto?" nikauliza.

Akatikisa kichwa. Dereva wa ghala akapiga honi, akasema yalla, twende. Onesmus akainua begi, akafungua mlango wa gari, kisha akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo, kuanzia shingoni mpaka chini.

"Hilo gauni limekukaa, dada," akasema. Hakuwa akinisuta. Alilisema kama mtu anayesema ukweli kabla ya safari.

Mikono yangu ilikuwa imeshapanda kuziba tumbo, kama kawaida yake. Nikaishusha. Gari likaondoka, nami nikabaki getini katika nguo nzuri kuliko zote nilizowahi kuvaa, na haikuwa ikinificha.